Madobi wa Korongoni

Jumanne, tarehe 4 Juni

Baba watoto,

Nimefika salama, mgongo tu ndio umelalamika njia nzima. Usijisumbue kupiga simu, huku mtandao hauingii kabisa. Simu yangu sasa ni saa na tochi. Barua zinakuja na kuondoka na gari la vyakula, Jumanne na Ijumaa, na dereva anaziacha posta. Basi tumerudi enzi za uchumba, wewe na kalamu yako, mimi na yangu.

Hili korongo sijui nilieleze kuanzia wapi. Unatembea kwenye tambarare, majani makavu kila upande, unajiuliza hivi watu wanatoka mbali kote kuja kutazama nini? Mara ardhi inakatika. Ukichungulia, mto uko huko chini, mwembamba kama uzi wa kijani, na kuta zimesimama pande mbili, nyekundu juu, nyeusi chini, zimepangana matabaka kama mashuka tuliyokuwa tunayakunja na kuyapanga kabatini wodini. Wageni wanashika vyuma vya ukingoni wanasema "Aaa!" na korongo linawajibu "Aaa!" Ngazi za kushuka hadi majini ni mia nne na kumi na mbili. Sikuzihesabu kwa macho, nimezihesabu kwa magoti.

Kazi ni ile niliyokuaga nayo: mashuka na taulo za vibanda vya wageni, wiki sita. Tuko wote watano wa kule hospitalini: mimi, Mrefu, Kicheko, Mkimya na Bi Mkubwa. Tangu hospitali ilete zile mashine za kufulia na kutuambia asanteni kwa utumishi wenu, hatujawahi kukaa pamoja hivi. Tunalala kibanda kimoja. Bi Mkubwa akikoroma, mbao za ukuta zinaitikia.

Dawa ya kikohozi ya kitinda mimba ni kijiko kimoja, si viwili. Binti mkubwa asiache kusoma kwa sababu mimi sipo. Na wewe, usisimame saluni kutwa nzima bila kula.

Mkeo


Jumapili, tarehe 9 Juni

Mama watoto,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu vya dereva, lakini tumeisoma mara tatu mezani. Kitinda mimba anataka kujua kama korongo linajibu hata mtu akikohoa. Yeye mwenyewe hakohoi tena.

Hapa hakijaharibika kitu ila sufuria moja. Wali wangu wa Jumatano uligoma: chini umeungua, juu bado mbichi. Tulikula katikati. Tangu hapo jirani anatuletea mboga bila kuombwa, nadhani harufu ilimfikia.

Saluni iko vizuri sana. Wateja wanajaa mpaka benchi la nje. Ndiyo maana namsomea binti maneno yangu naye anaandika, maana mikono yangu haina nafasi.

Usibebe mabunda mazito peke yako. Na ule mto, utazame kwa juu, inatosha.

Mumeo

(Mama, ni mimi. Baba amesema nisiongeze neno langu. Nimeongeza. Tumekukumbuka.)


Jumanne, tarehe 18 Juni

Baba watoto,

Mwambie kitinda mimba nimekohoa ukingoni na korongo limekohoa mara tatu. Mlinzi alidhani naumwa.

Huku nazidi kuzoea. Asubuhi chini kule kuna baridi ya kukatika meno, jua halijafika. Saa nne linaanza kushuka ukutani, tabaka kwa tabaka, hadi linagusa maji, na hapo ukiwa katikati ya mto unaona mawe ya chini kabisa, yaani ukitazama katikati ya mto, kutoka pembeni. Kuna ndege wadogo wanaojenga kwenye nyufa za mwamba, wanapita juu ya kichwa chako kwa kasi hadi unainama.

Viganja vimenichubuka vyote viwili. Mashuka ya huku ni mazito, na tunakamua kwa mkono. Mabega ndiyo usiseme. Jana Kicheko alishindwa kuinua kijiko cha chai, akacheka mpaka akalia. Lakini nakula, nalala, na nguvu zinarudi. Bi Mkubwa ana miaka hamsini na moja na anapanda zile ngazi akiimba.

Jambo moja linanisumbua. Barua ya kwanza mwandiko wa binti, kadi ya pole uliyomtumia Mrefu nilipokuandikia kwamba ameteguka mguu nayo mwandiko wa binti. Wewe mtu wa kujivunia mwandiko, uliyeniposa kwa barua ya kurasa sita isiyo na kosa hata moja! Wateja wamekuwa wengi kiasi hicho? Niandikie hata mstari mmoja kwa mkono wako.

Mkeo


Jumapili, tarehe 23 Juni

Mama watoto,

Hii naiandika mwenyewe, si kwa sababu uliomba, bali kwa sababu maneno yake hayafai kuandikwa na mtoto.

Jana dada yangu alikuja huko korongoni kutembea na wenzake wa kiwanda cha sabuni. Hakukuambia, alitaka kukushtukiza. Alikuulizia kule kwenye vibanda, hakuna aliyejua dobi mwenye sifa zako. Wakaenda ukingoni kupiga picha. Chini akaona boti la mpira linashuka, ndani wanawake watano wamevaa kofia ngumu, na mwanaume nyuma anawafokea. Akasema, "Yule wa mbele kushoto, anavyotupa mabega, ni wifi yangu."

Leo amekuja nyumbani. Nilimwambia amekosea, mke wangu anafua. Akanionyesha picha. Mke wangu, mimi nimetazama vichwa vya watu miaka ishirini na mbili. Hata ukivaa sufuria, kichwa chako nakijua.

Mdogo wangu alizama bwawani. Ni mimi niliyeitwa kumtambua. Tangu siku ile nilikuomba jambo moja tu: wewe na watoto mkae mbali na maji makubwa. Uliniapia. Ukaniangalia usoni siku ya kuondoka, umebeba begi, ukasema mashuka.

Na huyo mwanaume ni nani?

Mumeo


Ijumaa, tarehe 28 Juni

Mume wangu,

Nilikudanganya. Sizunguki.

Hasira yako nimeiona mpaka kwenye wino. Herufi zimepinda, mistari inapanda na kushuka, mahali pamoja kalamu imetoboa karatasi. Miaka kumi na tisa sijawahi kukuona hivyo, na ninajua nimeitafuta mwenyewe.

Huyo mwanaume anaitwa Kamanda. Ana miaka sitini na nne, meno ya mbele hana, na mkewe ndiye anayetupikia. Anatufundisha kuongoza boti za wageni. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa hospitali wiki ile ile tuliyopewa barua za kuachishwa: eneo la mapumziko la korongo linataka waongozaji wa mto, wenye nguvu za mikono na wasio na haraka. Hawakuandika wanaume wala wanawake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na barua yangu mkononi, miaka kumi na saba ya kufua damu na usaha wa watu imeishia kwenye karatasi moja, na nikaona viganja vyangu. Nikawaza, hivi vitu bado vina kazi.

Siku ya kwanza Kamanda alicheka. "Akina mama, hapa si mahali pa kuloweka nguo." Akatupa kamba nene iliyolowa, akasema tulivute boti kutoka majini hadi kwenye mchanga. Vijana sita walikuwa wameshindwa nalo. Tulijifunga vibwebwe, tukalivuta. Bi Mkubwa alipomaliza akaikamua na ile kamba, akaianika. Kamanda hajacheka tena.

Kazi hii ina sauti, mume wangu. Mwongozaji mkuu anakaa nyuma na kutoa amri, wengine wanapiga kasia kwa pamoja, akikosea mmoja wote mnakwenda mrama. Amri zao hazikutuingia kichwani. Basi nikaanza kutumia zetu za kufulia. "Kamua!" ni kupiga kasia kwa nguvu zote. "Loweka!" ni kuacha kasia majini, tulivu. "Anika!" ni kuinua makasia juu. Tangu hapo tunakwenda kama mtu mmoja, na Kamanda amenihamisha kutoka mbele kushoto akaniweka nyuma. Mimi ndiye ninayetoa amri.

Nakuambia na lililobaki, ili usije ukalisikia kwa wifi. Wiki iliyopita nilianguka. Kuna mahali maji yote ya mto yanabanwa kati ya miamba miwili, wanapaita Sindano. Boti liliinuka upande, nikatupwa. Nilizama. Nilimwona shemeji, Mungu amrehemu, nilimwona wazi. Halafu nikakumbuka nilichofundishwa: miguu mbele, kifua juu, usipigane na maji, subiri yachoke. Jaketi likanirudisha juu. Nikaogelea hadi kwenye mwamba, nikatoka mwenyewe. Mwenyewe, Baba watoto. Nikatapika maji, nikapanda tena botini kwa sababu wenzangu walikuwa wananingoja.

Mtihani ni Jumamosi ya tarehe 13. Tukipita Sindano mbele ya wakaguzi, tunapewa leseni na kazi ya kudumu. Lakini nilikuapia, na kiapo nimekivunja nyuma ya mgongo wako. Ukisema nirudi, nitapanda gari la vyakula la Jumanne inayofuata. Sema tu kwa mwandiko wako.

Mkeo


Ijumaa, tarehe 5 Julai

Mke wangu,

Ile haikuwa hasira.

Yaani hasira ilikuwepo, sikatai. Lakini herufi hazikupinda kwa hasira. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza mwezi wa tatu, kidogo kidogo, nikadhani ni uchovu. Mwezi wa tano nikamkata sikio mwalimu mkuu wa shule ya watoto. Alisema si kitu, akaondoka ameshika kitambaa, na hajarudi. Nimekwenda kwa daktari mara mbili bila kukuambia. Anasema ugonjwa huu hautaniua, lakini hautaniacha pia. Kuna dawa, natumia. Wembe sitaushika tena.

Kwa hiyo zile habari za wateja kujaa benchi la nje zilikuwa hewa. Ulipokuwa unaondoka, saluni ilikuwa inafunguliwa ili watu waone mlango uko wazi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea, natazama kioo. Wewe ulikuwa umeachishwa kazi, ningekuambiaje kwamba na mimi mkono umeniachisha? Tumepakana mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi na wewe, kila mtu na chupa yake.

Sasa sikiliza lililo zuri. Siku moja mteja aliingia, nikamwambia mashine ya kunyolea imeharibika. Binti alikuwa ametoka shule. Akasema, "Haijaharibika, baba," akaichukua. Nilisimama nyuma yake, nikamwambia tu: hapa legeza, hapa fuata mfupa, shingoni usikimbilie. Mteja alijitazama kwenye kioo hadi nikaogopa. Akasema, "Kumbe mzee ulikuwa unatuficha fundi." Tangu wiki jana benchi la nje lina watu kweli. Kila jioni baada ya masomo, saa mbili tu, vitabu kwanza.

Barua yako niliisoma Jumanne. Niliishia kwenye habari za Kamanda. Jumatano nikaisoma tena, nikafika pale ulipoandika kwamba ulizama, nikaiweka chini, nikatoka nje kutembea. Nilizunguka mtaa mzima hadi fundi viatu akaniuliza nimepoteza nini. Jana nikaisoma mpaka mwisho. Pale uliposema ulitoka mwenyewe, nimepasoma mara nne.

Mdogo wangu hakufundishwa na mtu namna ya kutoka. Hakuna aliyemwambia miguu mbele, kifua juu. Na mimi kwa miaka yote hii nimewafundisha wanangu jambo hilo hilo, yaani sikuwafundisha kitu. Nimewafundisha kuogopa tu.

Kiapo nakufungulia. Usirudi Jumanne. Nenda ukapite pale mahali, halafu uniandikie umepita. Dada nimemwambia yote. Akasema, "Nilijua ni yale mabega."

Mumeo, kwa mwandiko wake kama ulivyoomba


Jumapili, tarehe 14 Julai

Baba watoto!

TUMEPITA!

Nimeandika kwa herufi kubwa na Kicheko anasema hazitoshi.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Nimelia kwa ajili ya mkono wako, sikufichi, nimelia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mia mbili, wageni wananipita wanadhani nimechoka. Halafu nimeicheka sura ya mwalimu mkuu na kitambaa chake. Mkono wako tutauuguza pamoja. Ulinishika wakati wa uchungu wa watoto wote wawili, haudaiwi kitu.

Sasa sikiliza. Wakaguzi walikuwa sita, wamekaa katikati ya boti kama mizigo, na mmoja wao, mama mwenye miwani, ana daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Boti lililotutangulia, la vijana wa mjini wenye makasia yao wenyewe, lilikwama kwenye mwamba wa kulia wakaanza kulaumiana. Tulisikia kelele zao zinarudi kutoka ukutani. Mrefu akaniangalia. Nikamwambia, "Hayo ni mashuka yao. Sisi tuna yetu."

Nikasema loweka. Tukaingia polepole, maji yanavuta, kuta zinakuja karibu hadi mbingu inabaki kamba tu. Mkaguzi mmoja akauliza, "Mama, mbona hampigi kasia?" Unasubiri mpaka boti linyooke lenyewe, ukiwahi umekwisha. Likanyooka. Nikapiga ukelele wa KAMUA ambao nadhani mpaka hospitalini umesikika, na wale wanawake, Baba watoto, wale wanawake walikamua kama siku ile ya ajali ya mabasi, mashuka mia tatu na saa moja ya kuyarudisha wodini. Tulipita katikati. Mwamba kushoto kiganja kimoja, mwamba kulia kiganja kimoja, na hatukugusa. Hatukugusa! Tulipotokea kwenye maji mapana nikasema anika, makasia matano yakaenda juu, na Mkimya, ambaye katika miaka kumi na saba sijamsikia akisema maneno kumi mfululizo, alisimama akaanza kuwatukana wale waliotuletea mashine. Kwa majina.

Yule mama wa daftari aliuliza hizo amri tumezitoa shule gani. Bi Mkubwa akamjibu, "Shule ya sabuni." Ameandika hivyo hivyo, nimeona.

Kamanda alikuja akatushika mikono mmoja mmoja, akageuka akaangalia mto kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Leseni zinatoka wiki ijayo. Jumamosi ya tarehe 27 ni boti letu la kwanza la wageni, na mwongozaji anaruhusiwa kuleta watu wake. Njooni. Wewe, watoto, na wifi pia, ana haki yake. Sikulazimishi kuingia majini. Unaweza kukaa ukingoni ukashika vyuma. Ila njoo.

Mwongozaji mkuu, boti namba tano
(mkeo)


Jumapili, tarehe 4 Agosti

Mke wangu,

Tulirudi salama Jumapili iliyopita, na wiki nzima hakuna aliyezungumza jambo lingine. Kwa kuwa pale botini hatukupata nafasi ya kuongea, wewe ulikuwa kazini, nami nilikuwa nimeuma meno, nakuandikia hapa jinsi nilivyoona nikiwa nimekaa wa pili kushoto.

Ngazi zako ni mia nne na kumi na tatu. Binti amehesabu.

Nilikuja nikiwa nimeamua kukaa ukingoni. Nililiambia hata shati langu. Lakini nilipochungulia nikakuona huko chini, mdogo kama punje, unatembea kuzunguka boti unagonga-gonga mpira kwa kiganja kama unavyogonga papai sokoni, nikajua siwezi kukutazama kwa juu. Nikashuka.

Ulinifunga jaketi mwenyewe. Hukusema neno la mke na mume. Ulisema, "Mkanda huu usiulegeze. Ukianguka, miguu mbele." Nikakuitikia, "Ndiyo, mama," na wageni wakacheka, lakini mimi sikuwa natania.

Nakuambia sasa jambo ambalo sikukuambia siku ile. Tulipokaribia Sindano nilitaka kukuomba tusimame. Nilifungua mdomo. Nikatazama mkono wangu kwenye kasia, unatetemeka vibaya. Nikatazama wa dada, unatetemeka. Yule bwana mnene mwenye kamera, unatetemeka. Mle ndani hakuna aliyejua upi mgonjwa na upi mzima. Nikafunga mdomo. Ndipo ukapiga ukelele, "Wa pili kushoto, KAMUA!" Miaka kumi na tisa hujawahi kunipandishia sauti. Nilikamua, mama. Sijui nguvu zilitoka wapi. Kitinda mimba alikuwa anapiga vigelegele katikati ya boti, dada analiita jina la marehemu mama yetu, kuta zinapita kwa kasi, na juu ya hayo yote nasikia sauti yako, haina wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayepanga vyombo.

Tulipotoka upande wa pili, yule bwana wa kamera aliniuliza, "Huyu mama ni nani jamani?" Kabla sijajibu, dada akadakia: "Ni wifi yangu huyo." Amelisema tena njiani, amelisema kiwandani, na jirani analijua kwa moyo.

Habari za hapa: binti amenyoa vichwa kumi na vinne wiki hii, na wa kumi na nne alikuwa mwalimu mkuu. Aliingia ameshika sikio, akatoka ameliachia. Mimi nakaa kwenye benchi la nje na wateja, naongea, na nimegundua kwamba nusu yao siku zote walikuwa wanakuja kwa maongezi. Dawa zinasaidia kiasi. Siku nyingine kikombe kinafika mdomoni kimejaa, siku nyingine nusu. Nakunywa kilichofika.

La mwisho. Jana asubuhi niliwapeleka watoto kwenye bwawa la kuogelea la chuo cha ualimu. Mwalimu wao ni kijana mpole, anaongea taratibu. Watoto waliingia kama walizaliwa humo. Akanigeukia, "Na mzee?" Nikasema mzee amekuja kushika taulo. Nikazishika kama dakika kumi. Halafu nikaziweka kwenye benchi, nikavua viatu.

Maji yalinifika kifuani. Nilisimama hapo muda mrefu, nimeshika ukingo, na kijana hakuniharakisha. Nilimfikiria mdogo wangu. Halafu nikavuta pumzi na kuzamisha kichwa, nikatoka mbio kama nimeguswa na moto. Nikazamisha tena.

Mara ya tatu nilifumbua macho.

Mumeo